Majeshi Yanayosoma Saa Moja

Msomaji mmoja ameniletea swali zuri: yawezaje manowari kukitungua kitu kilichojificha nyuma ya upeo wa bahari, kitu ambacho rada yake haijakiona, na ambacho, lau ingengoja mpaka ikione, muda wa kujihami ungekuwa umekwisha kupita? Lililomfanya aulize ni habari ya jaribio lililofanywa tarehe 12 Septemba 2016 katika uwanja wa White Sands, jimbo la New Mexico nchini Marekani, ambako ndege ya kivita ya F-35B ilikiona chombo cha shabaha kilichokuwa mbali, nyuma ya mkunjo wa ardhi, ikapeleka habari zake kwenye kituo cha ardhini kilichounganishwa na mfumo wa Aegis, na mfumo huo ukarusha kombora la SM-6 likakipiga chombo kile. Mfumo wenyewe haukuwa baharini. Ulikuwa jangwani, katika jengo liitwalo USS Desert Ship lililojengwa kuigiza manowari. Amma mkono uliolitupa kombora haukuwa na jicho lake wenyewe, na hilo ndilo lililomshangaza msomaji wangu.

Sababu ya manowari kuhitaji jicho la mwingine ni umbo la dunia. Mawimbi ya rada hufuata takriban mstari ulionyoka, ilhali bahari hupinda. Kwa hiyo rada iliyowekwa juu ya mlingoti kwa kimo cha mita 20 haiwezi kuliona kombora linaloruka mita 5 juu ya maji mpaka lifike umbali wa kilomita 28 hivi, na kombora lendalo mita 250 kwa sekunde huumaliza umbali huo kabla ya dakika mbili kutimia. Ndege iliyo juu mita 9,000 huliona kombora hilohilo tangu umbali wa kilomita 400.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya ndege ile na kombora lile, wala sina haja ya kuyarudia, wala sitaeleza rada ni kitu gani. Linalonivutia mimi ni sharti lililofichika katikati yao, ambalo bila yake mitambo yote ile ingekuwa vyuma vitupu. Ndege inapoiarifu manowari kwamba adui yupo mahali fulani, habari hiyo haina maana mpaka iambatane na wakati, kwa kuwa adui yule hajasimama. Na endapo saa ya ndege na saa ya manowari zimeachana kwa sekunde moja tu, kombora la adui litatafutwa mita 250 mbali na mahali lilipo. Wakuu wa ulinzi wa Marekani wanao mradi mkubwa wa kuyaunganisha majeshi ya nchi kavu, ya baharini, ya angani, ya anga za juu na ya mitandao ya kompyuta, ambao huitwa JADC2 kwa ufupi na ambao mkakati wake ulitiwa saini na Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Lloyd Austin, mwaka 2021; na hotuba zinazotolewa juu yake husheheni habari za akili unde na ghala kubwa za data. Mimi nashikilia kwamba chini ya hayo yote umelazwa msingi mmoja wa kale zaidi, nao ni kwamba wote wanaotaka kuona kitu kimoja hawana budi kwanza kusoma saa moja.

Yanayotokea pale ambapo majeshi ya dola moja hayasikilizani tunayajua. Katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, amri ya kila siku ya safari za ndege, iliyokuwa na mamia ya kurasa na iliyotungwa Riyadh, ilishindwa kupelekwa kwa mitambo mpaka kwenye manowari za kubebea ndege, kwa kuwa mitambo ya jeshi la anga na mitambo ya jeshi la wanamaji haikupatana. Ikabidi kila siku ichukuliwe kwa ndege mpaka melini, kama barua. Huo ulikuwa usumbufu. Miaka mitatu baadaye ulikuja msiba: tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraki, ndege mbili za F-15 za jeshi la anga la Marekani ziliziangusha helikopta mbili za Black Hawk za jeshi la nchi kavu la Marekani hiyohiyo, wakafa watu 26, Wamarekani kwa wageni waliofuatana nao. Ndege kubwa ya kuongoza safari, AWACS, ilikuwapo angani wakati wote huo. Helikopta zilikuwa katika masafa mengine ya redio, alama zao za kujitambulisha zilikuwa za eneo jingine, na redio za ndege za kivita zilikuwa za namna ambayo helikopta zile hazikuwa nayo. Marubani waliokuwa wakiruka katika anga moja, chini ya bendera moja, hawakuwa na njia ya kuambiana majina yao.

Mtandao uliokusudiwa kuponya maradhi haya ulianza kubuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1970, na leo hutumiwa na majeshi ya nchi za NATO na marafiki zao katika ndege, manowari na makombora ya ulinzi ya nchi kavu; jina lake ni Link 16. Ulioutangulia ni Link 11, ambao ndani yake kituo kimoja huviita vyombo vingine kwa zamu, kimoja baada ya kimoja, kila kimoja kikajibu kiitwapo. Na kituo hicho kikipigwa, wote hubaki mabubu. Link 16 hauna kituo. Wakati wenyewe umekatwa vipande vidogo, na kila kipande kimepewa mwenyewe. Ningeweza kukiita kipande hicho nafasi ya muda, lakini nafasi huwa tupu na watu hugombea, ilhali hiki kina mwenyewe tangu kabla ya safari kuanza; basi nitakiita zamu, neno la walinzi wa lindo na mabaharia, ambalo ndani yake mna wakati na mna haki pamoja.

Hebu tuwachukulie watu mia walioketi usiku katika nyumba kubwa isiyo na taa, wengine sebuleni, wengine uani, wengine darini, nao wana mambo ya dharura ya kuarifiana. Wakisema wote pamoja hapana atakayesikika. Wakimweka mkubwa wa kuwaita mmoja mmoja, mazungumzo yatadumu kadiri ya uhai wa mkubwa huyo. Basi waamua namna nyingine: kabla ya taa kuzimwa, kila mmoja apewa saa, saa zote zalinganishwa, na kila mmoja aandikiwa nyakati zake za kusema, ambazo si za mtu mwingine yeyote. Aliyeketi darini penye dirisha, aionaye njia nzima, aandikiwa zamu nyingi kwa kuwa ana mengi ya kueleza. Aliye kibarazani aandikiwa chache. Giza liingiapo hapana anayewaamuru, na wala sauti mbili hazigongani. Mmoja akianguka akafa, zamu zake hupita kimya, na baada ya kimya kile sauti inayofuata huendelea kama ilivyopangwa, pasipo mtu kuuliza la kufanya. Anayeogopa kwamba sauti yake itamfichua kwa adui aliye mlangoni aweza kunyamaza usiku kucha, na bado akayapata yote yasemwayo. Naye aliye mbali, kule uani, ambaye sauti ya sebuleni humfikia ikiwa imechelewa, amefikiriwa pia: kila msemaji ameagizwa amalize maneno yake kabla zamu yake haijakwisha, ili sauti ipate muda wa kusafiri mpaka sikio la mwisho kabla mwingine hajafungua kinywa.

Katika Link 16, zamu moja ni milisekunde 7.8125, yaani sekunde imegawanywa zamu 128. Zamu 1,536 hufanya duru moja ya sekunde 12, na baada ya duru 64, ambazo ni zamu 98,304 na dakika 12.8, hesabu huanza upya. Kimya cha mwishoni mwa zamu kimekadiriwa ili mawimbi yapate kusafiri maili 300 za baharini, kiasi cha kilomita 555, kabla ya zamu inayofuata. Na upo mpango mwingine wa maili 500. Aghalabu kila duru kila chombo hutumia mojawapo ya zamu zake kutangaza kwamba mimi ni fulani, nami nipo mahali fulani, nikielekea upande fulani. Tangazo dogo hilo ndilo lililokosekana katika anga ya Iraki asubuhi ile.

Walakini nani huzilinganisha saa za vyombo ambavyo vinakimbia, vimetawanyika, na havikuwahi kukutana? Hapa ndipo penye ladha ya jambo lote, nami naomba msomaji asinione mzito nikikaa hapa kidogo.

Chombo kimoja huteuliwa kuwa marejeo ya wakati, na saa yake huwa sahihi kwa kuteuliwa kwake tu. Hata ikiwa imeachana kidogo na saa za ulimwengu, wengine wote huifuata, kwa maana kinachotakiwa ni mapatano kati yao. Chombo hicho hakitawali mazungumzo, na kikitoweka wengine huendelea kwa saa walizokwisha kuzilinganisha, mpaka kingine kishike wadhifa wake. Mgeni anayetaka kuingia husikiliza kwanza tangazo linalotolewa kila sekunde 12, apate kuikadiria saa. Lakini tangazo hilo limesafiri umbali asioujua, kwa hiyo limechelewa kwa kiasi asichokijua. Ana mambo mawili yasiyojulikana, umbali na kosa la saa yake, nayo yamefungamana hata hawezi kulijua moja pasipo kulijua la pili.

Basi hufanya hivi. Tuseme ndege ina saa iliyotangulia saa ya manowari kwa mikrosekunde 100, nayo haina habari. Na tuseme umbali kati yao ni kilomita 150, ambao mawimbi huukata kwa mikrosekunde 500. Ndege yatuma swali pale saa yake isomapo sifuri. Kwa saa ya manowari swali hilo limetoka mikrosekunde 100 kabla ya sifuri, na baada ya mwendo wa 500 lafika saa ya manowari ikisoma 400. Manowari yaiandika 400 hiyo ndani ya jibu, kisha yalituma jibu katika nukta iliyokubaliwa na wote tangu mwanzo, tuseme ni mikrosekunde 4,000 tangu zamu ianze. Jibu lasafiri 500 na kufika wakati saa ya manowari isomapo 4,500. Lakini saa ya ndege, kwa kuwa imetangulia, yasoma 4,600. Sasa ndege ina hesabu mbili mkononi. Swali lilionekana kusafiri kwa 400, na jibu limeonekana kusafiri kwa 600, ilhali njia ni ileile, kwenda na kurudi. Kosa la saa lililipunguzia swali kiasi kilekile lilicholiongezea jibu. Wastani wa 400 na 600, ambao ni 500, ndio umbali wa kweli. Nusu ya tofauti yao, ambayo ni 100, ndiyo kosa la saa. Swali moja na jibu moja, ndani ya zamu moja isiyotimia milisekunde 8, vimeyafungua mafundo yote mawili kwa kujumlisha, kutoa na kugawanya kwa mbili. Katika muda huo ndege imesogea mita moja na ushei, jambo lisilodhuru hesabu.

Nimeipitia hesabu hii mara nyingi na bado hunifurahisha, kwa kuwa vyombo viwili ambavyo kila kimoja hakina yakini vimeipata yakini kwa kuulizana. Kompyuta zilizounganishwa na intaneti nazo hulinganisha saa zao kwa utoaji wa namna hiyohiyo, katika kanuni aliyoitunga David Mills miaka ya 1980. Tena faida haiishii kwenye saa: chombo kilichopata umbali wake kutoka kwa wenzake watatu wanne wanaojijua walipo chaweza kukisia mahali pake chenyewe, hata pale ambapo adui ameziba satelaiti za kuonyesha njia. Mtandao uliowekwa kwa ajili ya kusemezana umegeuka kuwa mtandao wa kupima bahari na anga.

Mmoja wa watu walioufikiria mpango huu tangu mapema ni Gordon Welchman, Mwingereza aliyekuwa katika Hut 6 huko Bletchley Park wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akizifumbua barua za siri za Wajerumani. Alihamia Marekani mwaka 1948, na tangu mwaka 1962 alifanya kazi katika shirika la MITRE, akizingatia namna ya askari walio uwanjani kupata habari zenye manufaa kwao pasipo kungoja mpaka zipande kwa wakubwa na kuteremka tena. Mtu aliyetumia ujana wake kuyavunja mawasiliano ya watu wengine alifahamu barabara mawasiliano huvunjikia wapi, na naona haikuwa sadfa kwamba ndiye aliyesaidia kuujengea ulimwengu wa kijeshi mtandao usio na kitovu cha kupigwa. Alipochapisha kitabu chake juu ya Hut 6 mwaka 1982 alinyang'anywa idhini ya kushughulika na siri, akafariki mwaka 1985.

Adui naye anayo masikio, na asiye na uwezo wa kuyafahamu maneno aweza kupiga kelele ili yasisikike. Kwa sababu hiyo msemaji wa Link 16 hasemi kwa sauti moja: hurukaruka katika masafa 51 yaliyo kati ya megahezi 960 na 1,215, akibadilisha kila mikrosekunde 13, yaani yapata mara 77,000 kwa sekunde, kwa mpangilio utokanao na ufunguo wa siri. Wazo la kuruka masafa ni la zamani. Mwaka 1942 Hedy Lamarr, mwigizaji mashuhuri wa sinema, na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya Marekani kwa mpango wa kuongoza torpido kwa redio inayorukia masafa 88, ikiongozwa na karatasi zilizotobolewa kama zile za piano zijipigazo zenyewe, karatasi moja melini na nyingine ndani ya torpido. Jeshi la wanamaji halikuutumia mpango huo wakati ule. Lakini aangaliaye vema ataona kwamba shida yao ilikuwa ileile ninayoieleza: karatasi mbili zilizotobolewa sawasawa hazifai kitu ikiwa hazikuanza kuzunguka pamoja na kwa mwendo mmoja. Atakayekuwa na ufunguo wa siri lakini saa yake imepotoka atakuwa akisikiliza katika masafa ambayo mwenzake amekwisha kuyaacha.

Aidha maneno yenyewe yamevikwa kinga. Kila fungu la habari lenye biti 75 hukatwa vipande 15 vya biti tano tano, kisha kwa hesabu waliyoitoa Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960 huongezwa vipande 16 vilivyozaliwa na vile 15, vyote viwe 31. Vipande hivyo huchanganywa na kutawanywa ili kelele moja isivipige vya fungu moja kwa pamoja. Na mpokeaji ajuaye ni vipi vilivyopotea aweza kulijenga fungu zima kwa kuvipata vyovyote 15 kati ya vile 31. Zaidi ya nusu yake yaweza kuliwa na adui, na habari ikafika nzima.

Kwamba mtandao huu hubeba data chache mno ukilinganishwa na simu za leo, kwamba F-35B katika jaribio la White Sands ilisema kwa lugha yake nyingine ya siri ikahitaji kituo cha ardhini cha kuipokea, na kwamba wepesi wa mitambo usiwanyime wanadamu muda wa kufikiri kabla ya kuua, ni mambo ya kweli yote, nami nayapita.

Jambo la sasa ni kuupandisha mtandao huu anga za juu. Idara ya Marekani iitwayo Space Development Agency ilirusha satelaiti zake za kwanza mwezi Aprili na Septemba mwaka 2023, katika njia zilizo juu kiasi cha kilomita 1,000, na mnamo Novemba mwaka huohuo ilitangaza kwamba satelaiti zimesemezana na redio za Link 16 zilizo ardhini. Majaribio hayo yalifanyiwa katika eneo la nchi rafiki, kwa kuwa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikuwa haijaridhia yafanywe juu ya ardhi yake: masafa hayohayo hutumiwa na ndege za abiria kupimia umbali wao na vituo vya ardhini, na mamlaka ilihofia kelele.

Nami huona kwamba ugumu mtamu zaidi umo katika zile zamu. Satelaiti iliyo juu ya utosi imo umbali wa kilomita 1,000, na sauti yake huchukua milisekunde 3.3 kufika, kupita kidogo tu kimya cha ule mpango wa maili 500. Lakini ikiwa ndiyo kwanza inachomoza kwenye upeo, umbali wake ni kilomita 3,700, na sauti huchukua zaidi ya milisekunde 12, yaani zamu nzima na nusu, ikaangukia juu ya maneno ya mtu mwingine. Hapana budi basi satelaiti iseme kabla ya zamu yake, ili maneno yafike ndani ya zamu yake. Na kwa kuwa hukimbia kilomita saba na ushei kwa sekunde, kiasi cha kuwahi hubadilika muda wote, na masafa yenyewe huhama kwa yapata kilohezi 20, yakipanda inapokuja na kushuka inapokwenda, hata mpokeaji aliyetengenezwa kwa ajili ya ndege na meli hawezi kuyatambua yasiporekebishwa kabla ya kutumwa. Lililo gumu kuliko yote ni kwamba wakati uliorekebishwa kwa ajili ya manowari moja haufai kwa manowari nyingine iliyo kilomita elfu mbili kutoka hapo, kwa kuwa umbali wao na satelaiti si mmoja; kwa hiyo satelaiti haiwezi kuwaambia wote walio chini yake neno moja kwa wakati mmoja, bali sharti ichague eneo, ilihesabie wakati wake, iseme, kisha ilihesabie eneo la pili upya.